Wasichana Waliosemwa Wametoroka

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, aya ya 1 hadi ya 9, iko sheria ambayo ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Inahusu mtu aliyeokotwa shambani ameuawa, na muuaji hajulikani. Musa anaagiza kwamba wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka pale maiti ilipolala hadi miji iliyo jirani. Mji utakaoonekana uko karibu zaidi ndio utakaolibeba jambo hilo. Wazee wake watatwaa mtamba ambaye hajafungwa nira, wamshushe kwenye bonde lenye maji yasiyokauka, wamvunje shingo huko, kisha wanawe mikono juu yake. Mbele ya makuhani watakiri kwamba si wao waliomwaga damu ile, wala hawakuona ilipomwagwa, na watamwomba Mungu awasamehe watu wake.

Tukiisoma haraka tunaweza kudhani kwamba ni desturi ya kale iliyokwisha pamoja na dhabihu za Agano la Kale. Lakini hebu tuitazame inavyofanya kazi. Mtu amekufa. Hakuna ndugu aliyekuja kulia, hakuna shahidi, hakuna wa kushtakiwa. Katika hali kama hiyo jambo jepesi ni kumfukia na kurudi kwenye mavuno. Sheria inakataa. Inawatoa wazee mjini, inawapa kamba ya kupimia, na haiwaachi warudi nyumbani mpaka mji mmoja uwe umelijibia jambo hilo mbele za Mungu. Kifo kisicho na mshtaki hakiachwi kiwe kifo kisicho na mwenyewe.

Tumeiweka sheria hii mbele kwa sababu itatusaidia kuielewa habari moja ya kweli iliyotokea Ufaransa. Ni habari ya wasichana na wanawake vijana saba waliotoweka, ya askari mmoja wa vijijini aliyefungua upya jambo ambalo wakubwa walikuwa wamelifunga, na ya neno moja dogo lililoificha damu kwa zaidi ya miaka 20.

Nchi ya mto Serein

Yonne ni wilaya ya mashamba na mizabibu iliyo kusini-mashariki ya Paris, na makao yake makuu ni mji wa Auxerre. Kwa wanaosoma historia ya Kanisa, hapa si mahali pageni. Katika kilima cha Vézelay, mwaka 1146, Bernard wa Clairvaux alihubiri vita vya pili vya msalaba. Katika mji huohuo, mwaka 1519, alizaliwa Theodore Beza, ambaye baadaye alishika nafasi ya Calvin kule Geneva. Na katika bonde la mto Serein lipo kanisa kubwa la watawa wa Pontigny, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1114.

Pontigny ndiko alikokimbilia Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipokosana na mfalme wake mwaka 1164. Alirudi Uingereza, na tarehe 29 Desemba 1170 aliuawa kwa upanga ndani ya kanisa lake mwenyewe. Habari za kifo chake zilienea Ulaya nzima. Mwaka 1173 Papa alimtangaza kuwa mtakatifu, na mwaka 1174 Mfalme Henry wa Pili alikwenda kaburini pake kutubu mbele ya watu. Yaani katika dunia isiyo na simu wala gazeti, ilichukua chini ya miaka minne mfalme kupigishwa magoti kwa sababu ya damu ya mtu mmoja.

Tunaikumbuka habari hii kwa sababu miaka mia nane baadaye, katika bonde lilelile la Serein, damu nyingine ilimwagika na hakuna aliyepiga magoti. Waliouawa safari hii hawakuwa maaskofu.

Watu wasio na mtu wa kuwaulizia

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, mmoja baada ya mwingine, wasichana na wanawake vijana saba walitoweka katika eneo la Auxerre. Wengi wao walikuwa chini ya miaka 20 au juu yake kidogo. Walikuwa na ulemavu wa akili usio mkubwa, na wengi walikuwa wamekulia chini ya uangalizi wa idara ya ustawi wa jamii: wengine waliachwa na wazazi, wengine waliondolewa nyumbani kwa sababu ya shida za familia, wakawekwa kwa walezi waliolipwa na serikali. Walikuwa wamepitia kituo cha mafunzo kwa vijana wa aina yao kilichokuwa mjini Auxerre. Majina yao yamo katika kumbukumbu za mahakama. Hapa hatuyataji, kwa heshima ya ndugu waliobaki.

Walipotoweka, maelezo yaliyokubalika yalikuwa mafupi: wametoroka. Ilidhaniwa kwamba huyu amefuata mwanaume, yule amekwenda mjini kutafuta maisha, na yule mwingine si alikuwa na tabia ya kuondoka? Hakukuwa na mama wa kusimama mlangoni mwa kituo cha polisi kila asubuhi, wala baba mwenye jina la kuheshimiwa wa kumpigia simu mkuu wa wilaya. Walezi walipewa watoto wengine. Ofisi ilifunga jalada moja ikafungua jingine.

Sisi tuliofundishwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther tunajua kwamba Amri ya Nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Katika maelezo yake Luther haishii kwenye ushahidi wa mahakamani. Anataka tumtetee jirani, tumseme vema, na tuyapokee mambo yake yote kwa namna iliyo njema kwake. Sasa, kusema juu ya msichana aliyekufa kwamba ametoroka ni kumshuhudia uongo. Ni kumtwisha yeye kosa ambalo ametendewa. Aliyeuawa anageuzwa kuwa mkosaji asiye na shukrani, aliyekula chakula cha serikali kisha akaondoka bila kuaga. Na mara uongo huo ulipoaminiwa, kuvunjwa kwa Amri ya Tano, ile ya kutokuua, kukawa na mahali pa kujificha. Anayetafutwa kama mtoro hatafutwi kaburini.

Askari wa vijijini

Ufaransa ina vyombo viwili vikubwa vya polisi. Mijini iko Polisi ya Taifa. Vijijini na katika miji midogo wapo askari wa gendarmerie, ambao kisheria ni wanajeshi. Wanakaa katika kambi ndogo pamoja na familia zao, wanazunguka mashambani, wanayajua majina ya wakulima na njia za vichakani. Kazi yao ya kila siku ni ugomvi wa mipaka, ajali za barabarani, wizi wa kuku na walevi wa Jumamosi. Mmoja wao alikuwa Christian Jambert, aliyefanya kazi Auxerre.

Mwaka 1981 mwili wa mwanamke kijana uliokotwa karibu na kijiji cha Rouvray, si mbali na mto Serein. Marehemu naye alikuwa mtoto wa ustawi wa jamii. Jambert alikuwa miongoni mwa walioshughulikia jambo hilo, na uchunguzi ulimfikisha kwa dereva wa basi aliyeitwa Émile Louis. Mwanamke aliyeishi na dereva huyo alikuwa mlezi wa watoto wa serikali, na marehemu alikuwa amelelewa katika nyumba hiyo. Tena ni Louis huyohuyo aliyekuwa akiendesha basi lililowapeleka vijana kwenye kile kituo cha mafunzo na kuwarudisha.

Louis alikamatwa. Mwaka 1983 alihukumiwa kifungo kwa kuwadhalilisha kingono watoto waliokuwa chini ya malezi. Lakini kwa kifo cha yule mwanamke wa Rouvray, mahakama iliona hakuna ushahidi wa kutosha, na mwaka 1984 shauri la mauaji likafutwa. Hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho mpaka leo.

Kwa askari wengi kazi ingeishia hapo. Jambert aligeuka akatazama nyuma. Alijiuliza kama yule wa Rouvray alikuwa peke yake, akaanza kuwatafuta wengine waliopita katika kituo kile na kupanda basi lile. Ndipo majina yalipoanza kujipanga. Jalada moja liliposomwa peke yake lilionyesha mtoro mmoja. Yaliposomwa yote pamoja yalionyesha watu saba wa hali moja, wa mahali pamoja, waliojulikana na mtu mmoja, na ambao hakuna hata mmoja aliyeonekana tena.

Mwezi Juni 1984 Jambert aliandika ripoti kwa ofisi ya mwendesha mashtaka wa Auxerre. Alitaja waliotoweka, akaonyesha jinsi kila mmoja alivyohusiana na Louis. Ripoti ilipokelewa. Haikufuatiwa na lolote. Ilikaa ofisini miaka na miaka, na Louis alipomaliza kifungo chake alihamia wilaya ya Var, kusini mwa Ufaransa.

Turudi kidogo kwa wazee wa Kumbukumbu la Torati. Wao waliweza kunawa mikono kwa sababu waliweza kusema kwa kweli kwamba hawakuona. Auxerre baada ya Juni 1984 haikuweza kusema hivyo. Jambo lilikuwa limeonwa, limeandikwa kwa mkono wa askari aliyeapishwa, na limewekwa mezani. Kuanzia siku hiyo kunawa mikono kulifanana na kule kwa Pilato, ambaye maji yake hayakuondoa kitu.

Miaka kumi ya sheria

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho ni vema tukielewe. Katika sheria ya Ufaransa ya wakati ule, mauaji yakikaa miaka kumi bila hatua yoyote ya kisheria kuchukuliwa, hayangeweza kushtakiwa tena. Waliotunga sheria za namna hiyo hawakuwa na nia mbaya. Waliona kwamba ushahidi huoza, mashahidi husahau, na jamii huhitaji amani. Lakini kwa watu wasio na mtu wa kuwaulizia, sheria hiyo iliwafaa wauaji. Tajiri akiuawa, ndugu zake hawataacha mwaka upite bila hatua. Yatima akiuawa, miaka kumi inapita kimya, na kimya chenyewe kinageuka kuwa msamaha ambao hakuna aliyeutoa.

Waliokivunja kimya hicho walikuwa wachache. Chama cha kutetea walemavu wa Yonne, kikiongozwa na Pierre Monnoir, kiliwakusanya ndugu wa waliotoweka, na mwaka 1996 kikapeleka malalamiko mahakamani. Televisheni nayo ilianza kuuliza habari zao. Auxerre ilikataa kulifungua shauri. Walalamikaji wakakata rufaa Paris, na mwaka 1997 mahakama ya rufaa iliamuru uchunguzi ufunguliwe. Ripoti ya Jambert ikarudi mwangani.

Jambert hakuishi kuona mwisho. Agosti 1997, uchunguzi mpya ukiwa ndio kwanza umeanza, alikutwa amekufa nyumbani kwake. Mwanzoni ilielezwa kwamba alijiua. Mwaka 2004 mwili wake ulifukuliwa, na yaliyoonekana yalifanya maelezo hayo yatiliwe shaka na kifo chake kichunguzwe upya. Yeye aliyeuliza maswali kwa ajili ya wengine aliacha swali juu yake mwenyewe.

Desemba 2000 askari wa gendarmerie walimkamata Émile Louis kule Var. Alikiri kuwaua wale saba, akaonyesha alipowazika karibu na Rouvray. Baadaye aliyakana maneno yake, lakini ardhi haikukana: mifupa ya wawili kati yao ilipatikana. Watano hawajapatikana mpaka sasa.

Likabaki lile swali la miaka kumi. Mawakili wake walidai kwamba muda ulikwisha zamani. Mwaka 2002 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ilikataa dai hilo. Ilikubali kwamba barua ya kiofisi, ambayo ofisi ya mwendesha mashtaka iliituma mwaka 1993 kwa idara ya ustawi wa jamii kuomba taarifa za waliotoweka, ilikuwa imekatiza hesabu ya muda. Barua ya kawaida tu, ya aina inayoandikwa kwa mamia kila mwaka, iliuzuia mlango usifungwe. Na katikati, kati ya miaka ya 1970 na barua ile, ndipo ilipokuwa kazi ya Jambert.

Novemba 2004, mahakama ya Auxerre ilimhukumu Louis kifungo cha maisha kwa mauaji ya wale saba. Hukumu ilithibitishwa katika rufaa mwaka 2006. Alikufa akiwa mfungwa mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 79. Baadhi ya waendesha mashtaka waliopitia Auxerre waliitwa mbele ya baraza la nidhamu kujieleza kwa nini ripoti ililala. Mwaka 2017 Ufaransa iliongeza muda wa kushtaki makosa makubwa kutoka miaka 10 hadi 20, na mwaka 2022 ilianzisha ofisi ya pekee huko Nanterre kwa ajili ya mauaji ya zamani yasiyotatuliwa.

Iko habari nyingine ambayo hatuna budi kuitaja, ingawa inaumiza. Mwaka 2004, kabla ya kesi ya wale saba, Louis alikuwa amehukumiwa miaka 20 huko Var kwa ukatili wa kingono dhidi ya mke wake na binti wa mke huyo. Makosa hayo aliyatenda ripoti ikiwa imelala. Kwa hiyo tusiseme kwamba kuchelewa kwa haki ni maumivu ya waliokufa tu. Jalada lililofungwa Auxerre lilifungua mlango wa nyumba nyingine, mbali, kwa watu ambao hawakujua lolote.

Tunajifunza nini?

Kwanza, damu haizeeki mbele za Mungu. Katika Mwanzo sura ya 4, baada ya Kaini kumwua Habili, hapakuwa na shahidi wala mwili uliooneshwa, na Kaini alijibu kana kwamba hajui ndugu yake alikokwenda. Jibu lake ni babu wa lile neno “ametoroka”. Lakini Bwana alimwambia kwamba damu ilikuwa inamlilia kutoka katika ardhi. Mahakama za wanadamu zina ukomo wa muda kwa sababu wanadamu ni wasahaulifu. Mungu hana ukomo huo. Kwa mkosaji neno hili ni la kutisha. Kwa mtu ambaye ndugu yake alipotea na hakuna aliyejali, neno hilohilo ni Injili: yuko aliyesikia.

Pili, wito wa kila siku ni mahali pa kumtumikia Mungu. Walutheri tumefundishwa kwamba si mchungaji peke yake mwenye wito. Mkulima, mama wa nyumbani, karani na askari, kila mmoja amewekwa mahali ambapo jirani anamhitaji. Hatumfanyi Jambert kuwa mtakatifu. Tunachokiona ni askari aliyefanya kazi ya askari: alihesabu, alilinganisha, aliandika, akaweka tarehe, akapeleka mahali panapohusika. Hakuwa na cheo cha kuwalazimisha wakubwa wasome. Lakini aliyoyaandika yalidumu kuliko walioyapuuza. Na aliyeandika ile barua ya mwaka 1993 huenda alidhani anamaliza tu kazi za siku hiyo. Tusiidharau kazi ndogo iliyofanywa kwa uaminifu, kwa maana hatujui ni ya nani itakayouzuia mlango usifungwe.

Tatu, Amri ya Tano ni pana kuliko tunavyodhani. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Luther anafundisha kwamba anaivunja amri hii si yule atendaye uovu tu, bali na yule aliyeweza kumkinga jirani na madhara asimkinge. Wengi wa wahusika wa Auxerre hawakumgusa mtu. Walipokea karatasi wakaiweka juu ya nyingine. Ndiyo maana katika mfano wa Msamaria mwema Bwana Yesu hakusimulia sana habari za wanyang'anyi. Alisimulia habari za waliopita upande wa pili wa njia.

Nne, na hapa habari hii inaingia nyumbani mwetu, kila usharika una watu wake wasio na mtu wa kuwaulizia. Yuko kijana mwenye ulemavu wa akili anayekaa kwa shangazi. Yuko msichana wa kazi aliyeletwa kutoka mbali na ambaye jina la baba yake hakuna anayelijua. Yuko yatima aliyehamishwa kutoka nyumba hadi nyumba. Siku moja kiti chake kinakuwa kitupu. Tunauliza mara moja, tunajibiwa kwamba ameondoka, karudi kwao, ana kichwa kigumu yule. Nasi tunaridhika, kwa sababu jibu hilo halituombi tufanye kitu.

Tunawasihi wazee wa kanisa, akina mama, vijana na washarika wote: jibu la namna hiyo lisipokelewe bila kuuliza tena. Ameondoka lini? Kwa basi gani? Nani alimsindikiza? Nani amezungumza naye tangu hapo? Kuuliza hivyo si umbeya. Umbeya humsema jirani vibaya asipokuwapo, na hapa tunamtetea jirani asiyekuwapo. Yaandikwe, na tarehe iwekwe. Na penye dalili ya jinai, jambo lisimalizwe katika kikao cha wazee kwa kupatanishana na kuombeana. Lipelekwe polisi, na anayelipeleka asiachwe peke yake. Mungu ameiweka serikali kwa ajili hiyo, na Kanisa halina ruhusa ya kuificha damu kwa kisingizio cha amani. Mkubwa wa kwanza akikataa kusikiliza, tumkumbuke yule mjane wa Luka 18 aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena. Ndugu wa wale saba walifanya hivyohivyo kati ya Auxerre na Paris.

Tano, tuseme neno juu ya Louis. Yeye mwenyewe aliachwa na mama yake alipozaliwa, akalelewa na ustawi wa jamii kama wale aliowaua. Jambo hilo halimpunguzii hatia, kwa maana wengi walilelewa hivyo wasimwue mtu. Lakini linatuonya. Mtoto asiyeulizwa habari zake leo anaweza kuwa wa kuliliwa kesho, au anaweza kuwa wa kuogopwa. Kuwaulizia wadogo ni kuwalinda pande zote mbili.

Tukirudi kwenye sheria ya Musa, tunaona kwamba haikumpata muuaji. Mtamba alikufa, wazee walinawa, na muuaji alibaki hajulikani. Katika Agano Jipya damu nyingine ilimwagwa nje ya mji, ya mtu asiye na hatia aliyeshuhudiwa uongo, na wakubwa wa mji walinawa mikono. Waebrania sura ya 12 inatuambia kwamba damu hiyo inanena mema kuliko ya Habili. Haituambii kwamba damu ya Habili imenyamazishwa. Kristo hakufufuka ili tuyafunge majalada ya waliouawa. Alifufuka akiwa na alama za misumari mikononi, ili waliouawa wajue kwamba watafufuliwa, na walio hai wajue kwamba hakuna kaburi lililofichwa asiloliona.

Mifupa ya wawili kati ya wale saba ilipatikana. Watano bado wamo mahali fulani katika nchi ya Yonne, na Bwana anajua ni wapi. Sisi tumepewa kamba ya kupimia. Tuanze kwa kuhesabu walioketi nasi Jumapili iliyopita, na kumwulizia ambaye hayupo.